Breki inapiga mluzi hata baada ya kubadilisha pedi

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Gari langu ni dogo, cc 1300, breki za mbele ni za diski, za nyuma za drami. Nikikanyaga breki taratibu, tairi la mbele kushoto linapiga mluzi mkali. Nikikanyaga kwa nguvu, kimya! Mwezi uliopita fundi aliweka pedi mpya na kupiga diski msasa. Wiki moja shwari, kisha kelele ikarudi (kwenye foleni hata bodaboda wananigeukia). Jana nimefungua mwenyewe: pedi ya ndani imelika kuliko ya nje, na pini moja ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) inateleza kwa shida. Je, nianze na kusafisha pini na kupaka grisi ya breki, au diski ikachongwe kwanza? Na Jumamosi naweza kwenda nalo Morogoro kutoka Dar, au nipande basi tu?