Mapacha wangu, mafuta yale yale, nywele mbili tofauti

Kutoka: Mama Mapacha, Barking

Habari za siku nyingi jamani. Naomba msaada, hasa kwenu mliowahi kufanya kazi saluni. Tumehama Glasgow mwezi wa nane. Kule wanangu walikuwa na nywele nzuri tu. Tangu tuje huku London zimekuwa kama katani: chanuo halipiti, mafundo hayaishi, na kila Jumapili ni vilio viwili kwa mpigo. Wana miaka 7, wote kipilipili, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ila mafuta ya nazi niliyoletewa na mama kutoka Tanga, Doto yanamkubali, Kulwa yanabaki juu juu tu mpaka foronya inachafuka. Mwenzangu kazini kawaangalia kwa chati ya aina za nywele kwenye simu, eti wote ni 4C, ninunue vitu vya 4C. Nimenunua. Pauni 40 na kitu zimekwenda na sijaona tofauti. Ikifika Desemba hali ni hii hii, nawanyoa.

Jibu kutoka: Bi Fundi, Reading

Mama Mapacha, usiwanyoe watoto kwa kosa la maji.

Tuanze na hiyo chati. Aliianzisha Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990. Namba 1 ni nywele za singa, 4 ni kipilipili. Hata hiyo herufi C kwenye 4, ya kipilipili kilichojikunja zaidi, hakuiweka yeye, waliiongeza watu baadaye. Chati inakwambia unywele umejikunja vipi, haikwambii unakunywa maji vipi. Na hapo ndipo Kulwa na Doto wanapoachana.

Unywele una magamba, kama samaki. Kuna wenye magamba yaliyolala yakabana, na kuna wenye magamba yaliyoinuka. Fanya hivi: waoshe kwa shampuu, usipake kitu, ziache zikauke. Kisha chukua chupa ya kunyunyizia maji, mpulizie kila mmoja, utazame. Naona kama namwona Kulwa: matone yatakaa juu kama umande kwenye jani la myugwa. Doto atakunywa papo hapo, na baada ya muda mfupi utakuta nywele kavu tena. Ule mchezo wa kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji achana nao. Unywele wenye mafuta au kipovu cha hewa unaelea tu, na mimi nimeshaona nywele mbili za kichwa kimoja, moja imezama na nyingine inaelea.

Kulwa anataka joto. Maji ya uvuguvugu, kondishena, mfunge mfuko wa nailoni, juu yake taulo la moto, dakika 20. Ndiyo kazi ya ile mashine ya mvuke ya saluni. Mafuta kidogo sana, na mepesi. Isitoshe, nazi huganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo huku unampaka mabonge. Yayeyushe kiganjani kwanza. Doto mpake nazi kabla ya kuosha, maana yale mafuta huingia ndani ya unywele na kuupunguzia kupoteza protini. Akishaoshwa, krimu ikiwa nywele bado mbichi, kisha mafuta mazito kidogo ya kufungia maji ndani.

Sasa maji yenyewe. Angalia birika lako. Kama lina ukoko mweupe, ukoko huo huo unakaa vichwani mwa wanao. Glasgow wanakunywa maji ya ziwa la Loch Katrine, laini kabisa, hayana chokaa ya kusumbua. Huku kwetu maji yamepita kwenye mawe ya chokaa, ndiyo yanayoitwa maji magumu. Sisi wa pwani hili si geni: maji ya kisima kwenye mawe ya matumbawe, unasugua sabuni mpaka mkono unachoka na povu hulioni. Bibi yangu Mombasa alikinga maji ya mvua kwa ajili ya kichwa tu, na tukamcheka.

Mara moja kwa mwezi tumia shampuu ya maji magumu. Soma nyuma ya chupa, utafute neno tetrasodium EDTA, ndiyo inayoondoa chokaa. Katikati ya mwezi, siki ya tufaha kijiko kimoja kwa kikombe cha maji, mimina, suuza. Usiweke kama kichwa kina vidonda. Vile vichujio vya kufunga kwenye bomba la bafuni usivikimbilie, vingi vinapunguza klorini na chokaa inapita.

Jibu kutoka: Baba Mmoja, Oslo

Shikamoo Bi Fundi. Maji ya huku ni laini, lakini nywele za binti yangu zinakatika nyuma, kisogoni. Namsuka mwenyewe, twende kilioni tu, ndio ninaoweza. Tatizo nini?

Jibu kutoka: Bi Fundi, Reading

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kusuka. Kisogoni? Ni kofia ya sufu na kola ya koti. Sufu inanyonya mafuta na kukwaruza. Mshonee satini kwa ndani, hata kipande cha gauni la zamani. Hita za ndani nazo zinakausha hewa, mpulizie maji kabla ya kulala. Na usikaze. Ukiona vipele kwenye mstari wa nywele mbele, fumua siku hiyo hiyo, hata kama ulisuka jana.

Jibu kutoka: Mama Mapacha, Barking

Bi Fundi, wiki ya tatu leo. Mara ya kwanza na ile shampuu maji yalitoka kama ya kuoshea mchele. Doto chanuo linapita kuanzia nchani hadi shinani. Kulwa yuko vile vile ulivyosema, matone juu ya jani, lakini kwa taulo la moto nywele zinalainika mpaka nashangaa. Shida ni kumkalisha dakika 20, naona anakaa kama kuna chapati mkononi.

Na mimi je, mwenye dawa kichwani, naruhusiwa kuoshea shampuu hiyo hiyo?