Majirani wa Pasua: Goodluck na yule wa kilo 121

Baba Neema: Majirani, habari za jioni. Nimetoka kuongea na Goodluck hapa dukani. Kuna promota anamtaka apande ulingoni Arusha kucheza ngumi wiki mbili zijazo, uzito wa juu. Mpinzani anatoka Dar, ana kilo 121. Mtoto wetu ana 94. Tulizungumze hili kabla hajasaini.

Mama Goodluck: Kilo 121? Goodluck, mimi uliniambia ni pambano tu. Kilo hukuzitaja.

Goodluck: Shikamoo Mama. Nilitaka Kocha arudi kwanza kutoka Tanga ndipo nikueleze vizuri. Sijasaini kitu.

Mama Goodluck: Marahaba. Usisaini.

Kelvin wa Memorial: Mama, ukubwa si hoja. Mabondia wa uzito wa juu, Usyk kampiga Fury mara mbili! Mei 2024 kule Riyadh Fury alikuwa na kilo kama 119, Usyk 101. Desemba wakarudiana, Fury akaja na 127. Kaongeza mwili na bado kapigwa, majaji wote watatu wakaandika 116 kwa 112.

Kelvin wa Memorial: Na urefu je? Fury sentimita 206, Usyk 191. Mikono ya Fury ukiipima ncha hadi ncha inafika 216, ya Usyk 198. Kila kitu kilikuwa upande wa Fury.

Baba Neema: Kelvin, Usyk ana dhahabu ya Olimpiki ya London 2012. Alishabeba mikanda yote minne ya ubingwa wa kruza, daraja la chini ya uzito wa juu, kabla ya kupanda kwa wakubwa. Goodluck ana mapambano mangapi?

Goodluck: Sita, mzee.

Kelvin wa Memorial: Basi chukua wengine. David Haye, mwaka 2009 Ujerumani, alikuwa na kilo 99 hivi akacheza na Valuev. Valuev ana sentimita 213 na siku ile alipima kilo 143. Haye akapiga na kutoka, akapiga na kutoka, raundi ya 12 akamyumbisha kabisa yule jitu. Mkanda akauchukua.

Kelvin wa Memorial: Hata zamani. Jack Dempsey mwaka 1919, kilo 85 tu, alimwangusha Jess Willard mara saba kwenye raundi ya kwanza. Willard alikuwa na 111. Baada ya raundi ya tatu hakuinuka tena kitini.

Mwl. Shayo: Kelvin umesoma vizuri, lakini angalia unachokifanya. Unatutajia wadogo walioshinda. Hao tunawakumbuka kwa sababu ni wachache. Wadogo waliopigwa na wakubwa hakuna anayewaandika, maana ndilo jambo lililotarajiwa.

Mwl. Shayo: Ukubwa usingekuwa na faida, ngumi zisingegawanywa kwa uzito. Na juu pale ndipo pana tatizo: uzito wa juu kwenye ngumi za kulipwa unaanzia kilo 90.7 na hauna mwisho. Kijana wa 94 na mtu wa 140 wanahesabiwa daraja moja. Mwaka 2020 WBC, moja ya mashirika ya ngumi duniani, wakaweka daraja jipya katikati ya kruza na uzito wa juu, mwisho kilo 101.6, kwa sababu hiyo hiyo. Wenye mchezo wao wenyewe wameona pengo ni kubwa.

Kelvin wa Memorial: Sawa Mwalimu, lakini ngumi ni kasi.

Mwl. Shayo: Ni kasi na uzito vikienda pamoja. Na uzito unaohesabika ni ule unaotoka mguuni, ukapita nyonga, ukafika begani. Mtu wa kilo 121 anayepiga kwa mkono peke yake, mwili wake mwingi haumo kwenye ile ngumi. Anayejua kugeuza nyonga, huyo wa kilo 121 ni hatari tupu. Kwa hiyo swali langu kwa Goodluck: huyu bwana anajua?

Goodluck: Nina video zake mbili, Mwalimu. Nimemtumia Kocha.

Dada Happy: Jamani mimi naongea kama muuguzi. Kinachomzima mtu ulingoni ni kichwa kugeuka ghafla, ubongo unatikisika ndani ya fuvu. Shingo imara inasaidia kiasi. Lakini hakuna mazoezi ya kuufanya ubongo wenyewe uwe mgumu. Ngumi nzito ni nzito kwa kila mtu. Goodluck ni mdogo wangu, siwezi kunyamaza kwa hili.

Mama Goodluck: Asante Happy. Mungu akubariki.

Mzee Massawe: Nawasalimu wote. Nimesoma taratibu maana macho haya. Mimi nakumbuka redio, mwaka 1974, Kinshasa, Ali na Foreman. Watu wote walisema Foreman atamuua yule. Ali alimwacha apige mpaka mikono ikachoka, raundi ya 8 akamlaza.

Goodluck: Shikamoo babu.

Mzee Massawe: Marahaba mjukuu wangu.

Kelvin wa Memorial: Shikamoo babu. Umeona sasa! Mdogo kamshinda mkubwa.

Mwl. Shayo: Hapo hapana, Kelvin. Ali hakuwa mdogo. Siku ile Ali alipima kilo 98 na Foreman 100, na urefu wao haukupishana sana. Foreman alikuwa na ngumi nzito kuliko mtu yeyote wa wakati ule, hilo ndilo lililowatisha watu. Mwili wenyewe walilingana.

Mzee Massawe: Hilo nilikuwa silijui. Redioni tuliona jitu.

Baba Neema: Kuna upande mwingine tunausahau. Mkubwa anayejua kazi. Lennox Lewis na Tyson, mwaka 2002. Tyson sentimita 178, Lewis 196. Lewis alimweka mbali na ngumi ya kushoto ya mbele usiku kucha, Tyson hakufika, raundi ya 8 kalala. Ndugu wawili Klitschko nao, miaka mingi hakuna aliyewagusa. Mkono mrefu mbele, ukisogea wanakukumbatia wanakulalia.

Baba Neema: Hiyo ya kulalia ndiyo inayonitisha. Fury alimfanyia Wilder mwaka 2020. Fury alikuwa na kilo 124, Wilder 105. Kila wakikumbatiana Fury anamwachia mwili wote shingoni. Mtu akibebeshwa hivyo raundi nzima, miguu inakwisha. Raundi ya 7 kona ya Wilder ikatupa taulo, ikakubali kushindwa.

Mama Goodluck: Mimi nimesikia ya kutosha. Jibu ni hapana.

Kocha: Habari za usiku. Nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Nimesoma yote, na video nimeziangalia njiani zaidi ya mara moja. Mama Goodluck, shikamoo. Naomba uvumilie nieleze.

Mama Goodluck: Marahaba Kocha. Eleza, lakini ujue nilivyosema.

Kocha: Kwanza, Mwalimu ana haki. Ukubwa ni faida ya kweli. Mtu akiniambia mabondia wawili wana ufundi sawa na pumzi sawa, mmoja 94 mwingine 121, namwekea dau huyo wa 121 bila kufikiri.

Kocha: Lakini mara nyingi hawawi sawa. Watu wenye miili ile ni wachache, kwa hiyo mtu anaokotwa kwa sababu ya mwili, anafundishwa ngumi mbili tatu, anapandishwa. Primo Carnera alikuwa hivyo. Alikuwa bingwa wa dunia, mwaka 1934 Max Baer akamwangusha mara kama 11. Mwili alikuwa nao, ulinzi hakuwa nao.

Kelvin wa Memorial: Na huyu wa Dar?

Kocha: Huyu anajua kiasi. Kushoto kwake kuko sawa. Mkono wa kulia anaurusha kutoka mbali, unauona unakuja. Anapenda kulalia. Ila mwili ule ni kama Fuso la ndizi linaloshuka Kibosho, likishaanza kwenda mbele kukata kona ni kazi. Goodluck akitoka kwa pembeni, jamaa anapiga hewa. Na kila ngumi ya hewa inakula pumzi kuliko ile iliyofika.

Kocha: Nimeangalia hasa raundi ya nne ya video ya pili. Mikono imeshuka kifuani. Mdomo uko wazi. Anakumbatia ili apumzike.

Goodluck: Hapo ndipo nilipopaona na mimi, Kocha. Ndiyo maana nikataka kukubali.

Kocha: Najua, na jicho lako ni zuri. Sasa niambie, pambano lenu ni la raundi ngapi?

Goodluck: Nne.

Kocha: Nne. Hapo ndipo pananikataza.

Kocha: Sikilizeni jamani. Mwili mkubwa ni deni, unalipwa baadaye. Mwanzoni unampa mwenyewe kila kitu, nguvu, uzito, hofu ya mpinzani. Baadaye unaanza kudai hewa. Usyk alimkamata Fury lini kwenye lile la kwanza? Raundi ya 9, mpaka mwamuzi akamhesabia kwenye kamba. Haye alimyumbisha Valuev raundi ya 12. Na hii ya Mzee Massawe ni raundi ya 8. Lile la Kinshasa lingekuwa la raundi nne, Ali angeshuka ulingoni amepigwa tu kwenye kamba.

Mzee Massawe: Ni kweli kabisa.

Kocha: Kwa raundi nne huyu jamaa hafiki pale anapochoka. Akianza kushusha mikono kengele inalia, mwishoni majaji wanahesabu aliyesukuma mbele. Goodluck anapokea ngumi zote nzito, na zile raundi ambazo zingekuwa zake hazipo.

Mwl. Shayo: Kocha, hili sikuwa nimelifikiria. Na Dempsey? Yeye alimaliza mapema.

Kocha: Dempsey alikuwa na nokauti mikononi mwote, Mwalimu. Goodluck anashinda kwa miguu na kwa kuona. Nampenda hivyo hivyo, simbadilishi.

Kocha: Tena hata raundi nyingi peke yake haitoshi. Kuna Billy Conn, mwaka 1941, chini ya kilo 80, alikuwa anamwongoza bingwa Joe Louis kwenye karatasi mbili kati ya tatu za alama. Raundi ya 13 akaona anaweza kummaliza, akasimama kubadilishana naye. Akalala. Mdogo hana ruhusa ya kusahau hata dakika moja. Wiki mbili hazitoshi kumtia mtu nidhamu hiyo.

Dada Happy: Asante Kocha. Nimepumua.

Baba Neema: Kwa hiyo tumwambie nini promota? Amenipigia tena saa hii.

Kocha: Mwambie tunakubali huyo huyo mpinzani. Raundi 8, na maandalizi ya miezi miwili. Daktari awepo kando ya ulingo tangu mwanzo hadi mwisho. Mama Goodluck, kwa masharti hayo unasemaje?

Mama Goodluck: Goodluck, wewe mwenyewe unasemaje?

Goodluck: Mama, kwa raundi 8 naamini. Kwa nne, Kocha amenionyesha kitu. Bila ridhaa yako sipandi.

Mama Goodluck: Raundi 8, daktari, na taulo awe nalo Kocha mwenyewe, si mtu mwingine. Ukinipa hayo nitakuja Arusha nikae mbele.

Kocha: Taulo nitashika mimi, Mama.

Baba Neema: Ngoja nimpigie.

Kelvin wa Memorial: Tunasubiri.

Mzee Massawe: Mimi silali mpaka nijue.

Baba Neema: Promota amewauliza wenzetu wa Dar nikiwa kwenye simu. Miezi miwili wamekubali. Daktari wamekubali. Raundi 8 wamekataa, wanasema nne, mwisho sita.

Kocha: Kumbe na wao wameiona ile raundi ya nne.

Goodluck: Sita je, Kocha?

Kocha: Hapana. Mwenye mwili ndiye anayezikimbia raundi, sisi hatumfuati kwake. Una kilo 94, kruza ni 90.7. Kilo tatu na kitu unazitoa bila kuumia, na kule utakuwa mtu mkubwa kati ya wenzako. Nitatafuta pambano kule.

Mama Goodluck: Nimekubali. Goodluck, chapati za usiku nimezitoa mezani.

Goodluck: Sawa Mama. Kocha, kesho saa ngapi?

Kocha: Saa kumi na moja na nusu alfajiri, pale msitu wa Rau. Njoo na Kelvin, ana maneno mengi sana huyo, akimbie kidogo.