Msaada: nataka kuvaa kama nyota wa zamani wa filamu za Kitamil, nimwige nani?

Binti_Marinda: Habari wakuu. Nasoma Chennai, kusini mwa India wanakozungumza Kitamil, na chuoni kwetu kunakuja usiku wa sinema za zamani. Nimeazimwa sari ya hariri ya Kanchipuram, ule mji unaosifika kwa hariri, ila picha za mtandaoni zinanivuruga. Huyu nywele zimelala, yule zimepanda kama kichuguu. Nianzie wapi?

Shangazi_Wanja: Anza na muongo, mwanangu, sari baadaye. Sari ni ileile; miaka inaonekana kichwani, machoni na kwenye blauzi. Mwigizaji T. R. Rajakumari wa filamu ya Chandralekha (1948) ni mavazi ya kifalme na vito tele, huwezi kuyapata kwa kuazima. Savitri katika Missiamma (1955) ni msomi anayetafuta kazi ya ualimu: sari ya kawaida, uso mwepesi. Mimi ningekwenda kwa B. Saroja Devi wa miaka ya 60. Hapo nywele zinatiwa vijazio ndani zipande juu, wanja unavutwa mkia hadi pembeni ya jicho, blauzi inabana mwili. Tazama Anbe Vaa (1966), ni ya rangi, utaona kila kitu.

Fundi_Cherehani: Shangazi, kwa hariri ile? Anbe Vaa ni usasa mtupu. Kanchipuram inamwita mwigizaji Padmini, filamu ya Thillana Mohanambal (1968), maana pale ni mcheza Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya huko kusini. Nywele msuko mmoja mrefu, asmini juu yake. Na asmini Chennai si tatizo, wauzaji wa mitaani wanakupimia kwa dhiraa.

Binti_Marinda: Asante sana, namchukua Padmini. Ila blauzi niliyonayo haina mikono kabisa. Itapita?

Fundi_Cherehani: Haipiti. Shona nyingine, mikono ifike karibu na kiwiko, na upindo wake ufanane na wa sari. Mpe fundi sari yenyewe aione, usimpelekee picha ya simu.

Shangazi_Wanja: Kwa hilo nakubali. Ila wanja wangu usiutupe, hata Padmini alichora macho. Vito chukua vya kuiga, dhahabu ya watu usiicheze. Maua nunua jioni ileile, ya asubuhi yatakuwa yamenyauka kabla hujapanda jukwaani.