Vishikwambi darasa la awali: nyota nyingi, maneno hakuna. Nifanyeje?

Mwl_Awali: Habari zenu wadau. Darasa lina watoto 36 wa miaka mitano na vishikwambi 10 vyenye hedifoni, wanapokezana. Programu ni ya kulinganisha picha na neno. Nyota wanapata, ila ukimuuliza mtoto amefanya nini anasema "hii" tu. Niongeze muda?

Kibao: Usiongeze, mwalimu. Kwanza toa hedifoni. Mtoto hujifunza kuongea kwa kujibiwa. Mwaka 2003 mtafiti wa lugha ya watoto Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, waliwasikilizisha Kichina watoto wa miezi tisa: waliokaa na msemaji walizishika sauti, waliomwona kwenye video hawakuambulia kitu. Wako ni wakubwa, lakini hata wao wanahitaji mtu.

Kishikwambi kimoja, watoto wawili, kilazwe mkekani katikati yao. Wakiwa watatu, mmoja anageuka mtazamaji. Mmoja awe mkono, mwingine mdomo: mkono haugusi mpaka mdomo useme iguswe ipi na kwa nini. Baada ya dakika tano wabadilishane. Hao ni 20. 16 waliobaki kaa nao mkeka wa pili kwa hadithi na vitendawili.

Bi_Chaki: Naunga mkono, ila programu yenyewe pia ni tatizo. Mtoto anagusagusa kila picha hadi kengele ilie, neno halihitaji. Tumia kamera na kinasa sauti vilivyomo humo humo. Piga picha nne za chapati: unga, kukanda, kusukuma, kikaangoni. Wawili wazipange, warekodi maelezo ya nusu dakika, wajisikilize. Wakianza kubishana "siyo, anasukuma kwanza!", usiwakatishe, ndiyo lugha yenyewe hiyo. Maelekezo rekodi kwa sauti yako. Mashine ikitamka ng'ombe "ngombe", wataifuata.

Mwl_Awali: Asanteni sana. Kuna wawili hawasemi hata uwanjani.

Kibao: Usiwaweke na waongeaji hodari, watamezwa. Simama nyuma ya kila mmoja, umwite kwa sauti ya kawaida bila kukuona. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Ikiwa vilevile, mzazi ampeleke akapimwe masikio, usingoje muhula uishe. Hata akigeuka, kama ukimya unaendelea nyumbani pia, aonwe na mtaalamu. Darasani acha "hii nini?", maana jibu lake ni neno moja. Muulize "mwenzako afanye nini sasa?" kisha nyamaza, uhesabu kumi kimoyomoyo. Wengi wetu tunamjibia kwenye tatu.