Tumemaliza wa tatu, tunaingia mtoano wa kupanda daraja. Tucheze vipi mechi ya kwanza?

Meneja_wa_Maji:
Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni meneja wa timu. Hicho ni cheo. Kazi yenyewe ni maji, jezi, leseni na kubeba lawama. Tumemaliza nafasi ya tatu daraja la pili. Wawili waliotutangulia wamepanda moja kwa moja, sisi tunakutana na timu ya tatu kutoka mkiani ya ligi kuu. Mechi mbili, nyumbani na ugenini, atakayeshinda kwa jumla ya mabao ndiye anacheza ligi kuu msimu ujao. Jina la timu naomba nisilitaje, mtanielewa.

Zimebaki siku tisa. Tunaanzia kwetu, marudiano ni kwao, na hapo ndipo nyumba inawaka moto. Mwalimu anasema la kwanza tusifungwe kwetu, hata sare tasa anaipokea. Mwenyekiti anasema tusipomaliza kazi nyumbani tumekwisha, kwa hiyo tuanze na washambuliaji watatu. Kibaya zaidi, wachezaji wameshasikia maneno ya pande zote mbili.

Kuna mengine mawili yananinyima usingizi. Nahodha ana kadi za njano alizotoka nazo kwenye ligi, bado moja asimamishwe, na sijui kama zinahesabika kwenye mtoano. Halafu wachezaji watano mikataba yao inaisha siku tatu kabla ya marudiano. Mmoja wao ndiye mfungaji wetu bora, na nasikia simu yake haitulii.

Mtoano sijawahi kuucheza wala kuusimamia. Mwenye uzoefu anisaidie. Nawasilisha.

Namba_Sita_Mkongwe:
Mwalimu wako yuko sahihi. Bao la ugenini linahesabika mara mbili, wakikufunga moja kwako umeumia. Paki basi, subiri kaunta, nenda kwao na sare tasa. Mwenyekiti mpe kiti cha mbele anyamaze.

Kibendera_Mstaafu:
Namba Sita, tusimpoteze mtu. Bao la ugenini halijawahi kuwa mabao mawili. Ilikuwa njia ya kumpata mshindi pale jumla inapolingana, basi. Na UEFA waliiondoa sheria hiyo kwenye mashindano yao mwaka 2021, Wajerumani nao wakaitoa kwenye mtoano wao wa kupanda na kushuka.

Ilipokuwepo iliamua maisha ya watu. Hamburg 2014 walitoka 0-0 kwao na 1-1 kule Fürth, wakabaki Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, bila kushinda hata mechi moja. Union Berlin 2019 walipanda vivyo hivyo, 2-2 ugenini na 0-0 nyumbani. Heidenheim 2020 hawakufungwa mechi yoyote, 0-0 na 2-2, na bado walibaki chini.

Meneja, kabla hamjabishana kuhusu kupaki basi, fungua kanuni za ligi yenu usome ibara ya mtoano. Je, bao la ugenini lipo? Jumla ikilingana mnakwenda dakika 30 za nyongeza au penati moja kwa moja? Kadi za msimu zinafutwa au zinaendelea? Usiulize kwa simu. Andika barua, upate jibu lenye muhuri. Nimeshika kibendera miaka mingi, na nimeona watu wazima wakifungua kitabu cha kanuni kwa mara ya kwanza dakika ya 88.

Meneja_wa_Maji:
Barua inaondoka leo hii. Kusema kweli, mwalimu na mwenyekiti wote wawili wanaongea kana kwamba bao la ugenini lipo.

Daftari_la_Mabao:
Hili la nani aanzie wapi nina hesabu zake. Ujerumani walirudisha mtoano wa mechi mbili mwishoni mwa msimu wa 2008/09. Timu ya 16 ya Bundesliga inacheza na ya tatu ya daraja la pili. Kuanzia 2009 hadi 2025 umechezwa mara 17, na timu ya chini imepanda mara 3 tu: Nürnberg 2009, Fortuna Düsseldorf 2012 na Union Berlin 2019. Na katika miaka yote hiyo, timu ya Bundesliga ndiyo ilianzia kwake. Timu ya chini ilipewa marudiano nyumbani, ile tunayoiita neema, na mara 14 haikuisaidia.

Kwa hiyo msilie kwamba mmepangiwa vibaya. Hata 2023 Mashujaa ya Kigoma ilianzia nyumbani, ikaenda kumalizia Mbeya, na aliyeshuka alikuwa Mbeya City.

Sasa angalia wale watatu waliopanda. Mechi ya kwanza Nürnberg walishinda 3-0, Düsseldorf wakashinda 2-1, Union wakatoa 2-2, zote ugenini. Hakuna aliyejificha. Hapo ndipo ninapoachana kidogo na mwalimu wako. Timu iliyotoka ligi kuu imepoteza mechi nyingi msimu mzima, miguu yao mizito. Ila wana wachezaji waliozoea kasi ambayo ninyi hamjaiona, na ukiwaachia mpira dakika 180 watakupata tu. Wapelekeeni presha mapema, wakumbuke jinsi walivyofika hapo walipo. Washambuliaji watatu sisemi, hizo ni ndoto za mwenyekiti.

Karani_wa_Usajili:
Wenzangu mnacheza ubaoni, mimi naona ile mikataba mitano. Hapo ndipo mtakapopandia au kuangukia.

Mfungaji wako hana shida ya posho. Shida yake ni goti. Kama kuna timu inamtaka, akivunjika kwenye marudiano huku mkataba wake umekwisha, nani anamtibu? Ile timu itapokea simu yake tena? Ukimwita ukaanza na hotuba ya mapenzi ya klabu atatikisa kichwa, na siku ya safari atakuwa na malaria.

Mwandikie nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja unatosha. Mkataba unaendelea hadi mtoano uishe, pamoja na siku za akiba mechi ikiahirishwa. Mshahara wa siku hizo umetajwa. Akiumia, klabu inamtibu hadi apone na kumlipa wakati hachezi. Mkimaliza yuko huru kuondoka. Hilo la mwisho liandike waziwazi, ndilo litakalomfanya asaini. Watano wote wapewe karatasi ya aina moja, maana watalinganisha.

Kisha ipeleke nakala kwa wasimamizi wa ligi, upate uthibitisho kwamba leseni zao ni halali siku ya marudiano. Mkimchezesha mtu ambaye karatasi zake zimekufa, mnaweza kushinda uwanjani na kupoteza mezani. Yote haya yaishe kabla ya mechi ya kwanza. Ukisubiri matokeo, bei itapanda.

Na zile ahadi za vyumba vya kubadilishia nguo, "mkipanda kila mtu atapata", mwambie mwenyekiti aziandike kiasi na tarehe, au asiziseme kabisa. Nimewahi kuona kikosi kikigombania posho usiku wa kuamkia mechi, kwa sababu viongozi wawili walitaja viwango viwili tofauti.

Namba_Sita_Mkongwe:
Nimekubali la bao la ugenini, Kibendera umenishika. Ila kupaki basi sirudi nyuma.

Mama_Kipa:
Mwanangu ni kipa, mtoano ameucheza mara mbili, kapanda mara moja na kulia mara moja. Naongea ya nyumbani.

Wiki hiyo mchezaji anapigiwa simu na kila ndugu. Wajomba, majirani, mwalimu wake wa shule ya msingi. Wote wanamwambia neno moja, "hii ni nafasi yako ya maisha". Wanamtakia mema, lakini akifika uwanjani mguu hauinuki. Meneja, ongea na wazazi na wake wa wachezaji. Waombe wapige kwa kuuliza umekula nini, wasitaje mechi. Utacheka, lakini jaribu.

La pili, msicheze kama mkifungwa moja dunia imeisha. Mimi huwaonyesha vijana ile nusu fainali ya mtoano wa kupanda Ligi Kuu ya England, Watford na Leicester, Mei 2013. Dakika za majeruhi Leicester wanapata penati, wakifunga wanakwenda fainali. Kipa Almunia anaokoa, mpira unamrudia mpigaji, Knockaert, kipa anaokoa tena. Mpira unasafiri hadi upande wa pili, Deeney anafunga, Watford wanapita. Watu wakavamia uwanja kama wamepanda tayari. Hawakuwa wamepanda. Fainali wakafungwa 1-0 na Crystal Palace. Kipande hicho cha mwisho huwa hakioneshwi sana.

Meneja_wa_Maji:
Wakuu, mrejesho.

Barua imejibiwa. Bao la ugenini halipo. Jumla ikilingana ni dakika 30, kisha penati. Kadi za msimu zinaendelea, kwa hiyo nahodha akipata moja zaidi mechi ya kwanza, marudiano anayatazama jukwaani. Nilimpelekea mwalimu jibu, akalisoma mara mbili, akaomba tubaki wawili tu chumbani. Tumekubaliana kuanza na washambuliaji wawili na presha dakika 20 za mwanzo. Mwenyekiti tumemwambia ni watatu, maana winga wetu wa kulia hucheza juu. Mungu anisamehe.

Wanne wamesaini nyongeza. Mfungaji aliisoma, akauliza swali moja tu, "Hapo kwenye kuondoka huru, ni huru kweli?" Nikamwambia kweli. Akasaini. Karani, umeniokoa.

Karani_wa_Usajili:
Bado mmoja.

Meneja_wa_Maji:
Wa tano ni kipa wa akiba, anataka kwanza aongee na mama yake. Mama Kipa, naomba isiwe ni wewe.

Mama_Kipa:
😂 Siyo mimi. Ila mwambie mama yake anapatikana humu.

Meneja_wa_Maji:
WAKUUUU. 2-0!

Dakika ya 11 na ya 64, yote kafunga mfungaji wetu yuleyule. Nahodha kacheza dakika zote bila kumkaribia mwamuzi, kazi ya kulalamika tuliikabidhi kwa beki wa kulia na yeye ana kipaji hicho. Kipa wa akiba amesaini.

Sasa tatizo jipya. Mwenyekiti ameagiza jezi za kusherehekea zenye maandishi "LIGI KUU". Wachezaji wamepiga nazo picha. Marudiano ni baada ya siku nne. Mwalimu amerudi kwenye wazo lake, safari hii anataka mabeki watano tangu dakika ya kwanza. Mnasemaje?

Daftari_la_Mabao:
Hongera mkuu. Sasa kaa chini.

2024, Düsseldorf wanakwenda Bochum mechi ya kwanza, wanashinda 3-0. Ugenini! Marudiano wako nyumbani, uwanja umejaa, wanahitaji tu wasifungwe matatu. Wakafungwa matatu, 3-0. Dakika za nyongeza zikapita bila bao, penati Bochum 6-5. Aliyetakiwa kushuka akabaki.

2021, Kiel wanashinda 1-0 Köln. Wanarudi nyumbani, wanafungwa 5-1.

Ile picha ya jezi hao jamaa watakuwa wameshaibandika ukutani kwenye chumba chao.

Namba_Sita_Mkongwe:
Hapa hata mimi mzee wa kupaki basi naogopa. Mabeki watano tangu mwanzo maana yake unawaita waje. Wakipata moja dakika ya 15, una dakika 75 za kuomba dua. Anzeni na kikosi kilekile, pressing ishuke hadi katikati ya uwanja, na mfungaji abaki mbele ili mabeki wao wawili wamlinde wasipande. Beki wa tano aingie dakika ya 70, kama hali inaruhusu. Bao lenu moja tu linawalazimu wao kupata matatu ili kuchukua hata dakika za nyongeza. Lisakeni hilo.

Kibendera_Mstaafu:
Namuunga mkono Namba Sita, jambo ambalo sikutarajia kuliandika.

Nyongeza yangu ni ya penati, kwa sababu mnaweza kufika. Wanaopiga ni waliokuwa mchezoni filimbi ya mwisho ilipolia. Mwalimu akiwatoa wapigaji wake ili kuingiza mabeki wa kulinda 2-0, halafu jumla ikawa 2-2, atawatafuta benchi na haitasaidia. Mpe orodha ya watu saba kwa mpangilio, siyo watano, aangalie orodha hiyo kila anapofanya mabadiliko. Pili, kadi za njano za ndani ya mchezo hazihamii kwenye penati, kwa hiyo kipa mwenye njano asiingie na woga. Tatu, wakimaliza wakiwa pungufu kwa kadi nyekundu, nanyi mtampunguza mmoja ili mlingane. Mpunguzeni ambaye hapendi kupiga.

Mama_Kipa:
Na zile jezi zikusanywe leo. Zote. Ufunguo ukae kwako.

Meneja_wa_Maji:
Nimezikusanya 24, zimebaki 6 sijui ziko kwa nani. Mwalimu ameipokea orodha ya saba na amekubali kuanza na mabeki wanne, ila kasema wazo ni lake. Sawa, liwe lake. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Kanuni, nyongeza za mikataba na barua yenye muhuri vyote viko kwenye begi la leseni, begi liko chini ya kitanda changu.

Mgeni_4471:
Zile sita ziko ofisini kwangu. Nilikuwa nimeahidi watu. Hiyo ya washambuliaji watatu nimeisoma pia.

Meneja_wa_Maji:
Mwenyekiti, shikamoo.