Tupeane uzoefu: wenye matumbo sugu mliowahi kupelekwa kwa mwanasaikolojia, ilikuwaje?

Mchimba Dawa (mleta uzi):
Wakuu, habari za muda huu. Jina langu la humu si la mitishamba. Basi likitoka Mbezi, kabla ya Kibaha nimeshamfuata konda anisimamishie nikachimbe dawa. Ilikuwa hivyo miaka minne. Naishi Kimara, kazi Posta, na nilikuwa navijua vyoo vyote vya kulipia vya njia ile: kipi kina maji, kipi mlinzi wake anafunga mapema.

Nimepimwa mpaka nimechoka. Taifodi nimeambiwa ninayo mara tano, amiba sikumbuki mara ngapi, metronidazo nimemeza mpaka mdomo ukawa na ladha ya sarafu. H. pylori, yule bakteria wa tumboni, nilikutwa naye kweli, nikamaliza dozi ya siku 14, nikarudia kipimo, hayupo. Tumbo liko vilevile. Nikapigwa kamera ya juu na ya chini, majibu safi. Hakuna neno linalouma kama "safi" wakati umejikunja kwenye benchi. Daktari mmoja akasema, "Ni mawazo tu, punguza mawazo," akamwita anayefuata. Niyapunguze kwa kijiko?

Wa pili alikuwa na subira. Akauliza linauma siku ngapi kwa wiki, nikienda choo linapoa au linazidi, choo chenyewe kimebadilika vipi, na lilianza lini. Akaniambia ni IBS: utumbo haujatoboka wala kuoza, ila mazungumzo kati yake na ubongo yameharibika. Tumbo lina mtandao wake wa neva, seli zaidi ya milioni 100, na mshipa mkubwa wa neva unaotoka huko kwenda kichwani kazi yake kubwa ni kupeleka habari juu, siyo kuleta amri chini. "Wewe si Mswahili?" akaniuliza. "Mtu akiwa na hofu mnasema yuko tumbo joto. Mbona hamkusema goti joto?"

Akanipeleka kwa mwanasaikolojia. Dada yangu aliposikia akauliza kama tunaelekea Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nilidhani nitaulizwa habari za utotoni. Wapi! Nilipewa daftari: saa, nilichokula, kilichokuwa kinaendelea, maumivu kwa alama 0 hadi 10. Wiki mbili. Daftari likanivua nguo. Tumbo lilikuwa halichafuki kwa maharage, linachafuka saa kumi na moja alfajiri kabla sijala kitu, siku za kazi. Na kumbe nilikuwa na tabia ambayo yule mama mwanasaikolojia aliipa jina, "choo cha tahadhari": naenda mara nne kabla ya kutoka nyumbani, najikamua hata kama sina haja. Nilikuwa naufundisha utumbo wangu kukimbia. Kufunga kula kabla ya safari, kukaa karibu na mlango, kushika loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, mfukoni kama hirizi, vyote vilikuwa vinaiambia akili kwamba basi ni hatari.

Matibabu yakawa hivi: kwanza kupumua kwa tumbo, mkono mmoja kifuani na mmoja kitovuni, wa kitovuni ndio uinuke. Halafu ngazi. Kituo kimoja cha mwendokasi bila kwenda choo cha tahadhari. Kisha vitatu. Kisha nikiwa nimekunywa chai. Kisha dawa ibaki nyumbani. Siku ya vituo vitatu nililoa jasho mpaka mtu akanipisha kiti. Ila haikutokea aibu niliyokuwa naiogopa, na mwili ukaandika hilo.

Sijapona kwa maana ya kupona. Lakini mwaka huu nimechimba dawa mara moja, na ile siku hata dereva alishuka.

Haya, lete yako. Dawa za kuuziana peleka kwenye nyuzi zake.

Bi Mkubwa wa Likoni:
Pole mwanangu. Mimi yangu yalikuwa mbweu. Siyo mbweu za kushiba, hizi ni mfululizo, ishirini, thelathini, hata mbele ya wakwe. Huku kwetu Pwani mtu akipiga mbweu hivyo watu hutazamana, maana hata kwenye ngoma ya pepo mwanzo huwa ni mbweu. Nikapelekwa kunako, nikafukizwa, nikavaa. Sisemi kitu kuhusu hayo, kila mtu na imani yake.

Mtaalamu mmoja wa tumbo alinikalisha akanitazama tu, hakunigusa. Akasema: "Mama, umeongea na mimi robo saa hujapiga hata moja. Ulipokaa kimya ndipo zilipoanza. Usingizini je?" Nikamwambia mume wangu hajawahi kusikia. Akanieleza kwamba hewa ile haitoki tumboni kabisa. Naivuta mwenyewe bila kujua mpaka kwenye koo la chakula, na kabla haijafika tumboni naitoa. Ni mazoea ya mwili, kama mtu anayekung'uta mguu.

Nikafundishwa kufungua mdomo kidogo na kupumua kwa tumbo kila nikihisi inakuja. Ukiwa unapumua hivyo, kuivuta ile hewa ni vigumu. Wiki sita hivi. Siku za msiba hurudi, nazijua sasa, nami hukaa zangu nikapumua.

Konda Mstaafu:
Mimi nina vidonda vya tumbo, na naapa vimetokana na mawazo ya marejesho. Tajiri anataka hela yake, trafiki wanataka yao. Unakula saa kumi jioni.

Sista Zamu ya Usiku:
Konda, kaka yangu, mimi ni muuguzi. Mawazo hayatoboi tumbo. Wale Waaustralia wawili, Marshall na Warren, walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vinaletwa na bakteria H. pylori, wakapewa Nobeli mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu. Unameza diklofenaki?

Konda Mstaafu:
Mgongo ulikuwa unauma, kusimama kutwa. Kila siku kidonge kimoja, wakati mwingine viwili. Miaka.

Sista Zamu ya Usiku:
Ndiyo hiyo. Nenda ukapime, na uwaambie kuhusu diklo. Mawazo yapo, yanaongeza maumivu, yanakunyima usingizi na kukulisha sigara, lakini usiache kutibu kidonda ukaenda kutibu mawazo peke yake.

Mtoto wa Marehemu:
Naongezea kwa uchungu. Mzee wangu aliambiwa "mawazo, umestaafu vibaya" kwa miezi minane, kwenye hospitali nisiyoitaja. Alikuwa anakonda, anaona damu chooni, na damu yake mwilini imepungua. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Nyie mnaosifu saikolojia humu, semeni na hili: damu, kukonda bila sababu, maumivu yanayokuamsha usingizini, chakula kukwama, tatizo kuanza ukubwani ukiwa na 50 na kuendelea, kwanza vipimo. Sina zaidi.

Mchimba Dawa:
Pole sana ndugu. Asante kwa kulisema, mimi nililipita haraka.

Mama Pacha:
Mwanangu wa miaka tisa. Tumbo kila asubuhi saa kumi na mbili. Dawa za minyoo kameza, mkojo na choo kapimwa. Jumamosi mzima, likizo mzima, anapanda mwembe. Baba yake akasema anadanganya. Hakuwa anadanganya, alikuwa anatoka jasho baridi mkononi mwangu.

Mtaalamu wa watoto aliniuliza mimi maswali kuliko mtoto. Akiumwa unafanya nini? Nabaki naye nyumbani, namkanda, namnunulia soda, naweka katuni. Kila baada ya muda namuuliza, "Tumbo linaendeleaje?" Akaniambia kwa upole kwamba kila nikiuliza namrudisha mtoto tumboni mwake, akalisikilize. Niliona aibu, kwa sababu ndivyo mama yangu alivyonilea na ndivyo nilivyojua kupenda.

Tukabadilisha. Akiumwa namkumbatia mara moja, anapumua kama anapuliza puto, halafu anavaa sare. Soda ikahamia siku anazokwenda shule. Na tukagundua kwenye mazungumzo kulikuwa na kipindi cha hesabu na fimbo. Hilo nililifuata shuleni mwenyewe, nikiwa nimevaa kanga ya vita. Mazoezi ya pumzi hayawezi kushindana na fimbo.

Mkunazini hadi Manchester:
Salamu kutoka kwenye baridi. Nipo mji huuhuu ambao daktari Peter Whorwell mwaka 1984 alichapisha majaribio ya kutibu IBS kwa usingizi wa maneno (hipnosisi), kwa wagonjwa 30 tu ambao dawa ziliwashinda. Nilipoambiwa nitapelekwa huko nilimpigia bibi yangu Unguja. Akauliza, "Watakulaza kisha wakutie nini?" Na mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi wa kidini, nikauliza kabla ya kwenda.

Hulali. Unasikia kila kitu, hata gari la taka nje. Unalegezwa, kisha unaambiwa uweke mkono wa joto tumboni na uone maji yanayokwenda kwa utulivu. Wao hupendekeza mto. Mto wao wa Kiingereza ulinishinda, nikaomba bahari ya kwetu ikipwa jioni, mashua zimekaa kwenye mchanga. Mara 12, mara moja kila wiki. Mwezi wa kwanza nilijiona mjinga. Mwezi wa pili nilikula biriani harusini na kurudi kwenye kiti changu.

Lakini mwenzangu chumbani ana vidonda vya utumbo mpana vile vya kinga ya mwili kuushambulia utumbo. Naye alipelekwa kwa mwanasaikolojia, ila yeye anasema wazi: hakuna aliyemuahidi kwamba maneno yatazima ule moto. Dawa ndizo zinazouzima. Alichosaidiwa ni kuacha kulala sakafuni karibu na choo, na kumwambia mchumba wake ukweli.

Njia Panda:
Mimi nimepewa amitriptilini. Mfamasia akaniangalia, akaniambia hii ni ya huzuni kubwa. Sijameza. Nina kidonge mkononi hapa.

Mchimba Dawa:
Mimi pia nilipewa, miligramu 10 usiku. Kiwango hicho ni kidogo kuliko cha kutibu sonona, lengo ni kutuliza neva za tumbo. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2023, watu 463 wenye IBS, waliotumia walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Inakausha mdomo, inaleta usingizi na inaweza kufunga choo, kwa hiyo kama tatizo lako ni choo kigumu, au una tatizo la moyo, au unatumia dawa nyingine, mpigie aliyekuandikia kabla hujameza. Usinisikilize mimi, mimi ni karani.

Konda Mstaafu:
Nimeshapanga siku ya kwenda kupima. Mleta uzi, Mbezi unapandaga basi gani? Nikuunganishe na vijana wangu wakupe siti ya mlangoni.

Mchimba Dawa:
Hahaha, siti ya mlangoni ndiyo niliyokatazwa, mkuu. Naandika hii niko dirishani, safu ya nane, naenda Dodoma. Asubuhi nimekunywa chai na chapati mbili. Chalinze tumeipita. Linaunguruma, nimeliachia liungurume.