Roboti ya kuchezea inacheza benga, nyatiti ikilia inatulia. Tupimeje?

Nyar_Dunga (Kisumu)
Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa elektroniki, wa muziki, na hata wazazi wenzangu.

Binti yangu yuko gredi ya saba na ana roboti ya mbwa aliyoletewa na mjomba wake. Ina kitufe cha dansi: muziki ukipigwa karibu nayo inatikisa kichwa, inapiga miguu, macho yanabadilika rangi. Ameamua mradi wake wa klabu ya sayansi uwe kuchunguza jinsi inavyoitikia miziki tofauti. Tumeipigia benga (ule muziki wa gitaa), isukuti (ngoma za Waluhya), kwaya, na nyatiti, kinubi cha Waluo, aliyorekodi babu yake. Benga na isukuti inacheza kweli kweli. Kwaya, nusu nusu. Nyatiti ikianza, inakaa tu. Mtoto akaandika kwenye daftari, "Roboti haipendi nyatiti."

Jambo hilo limenigusa, kwa maana babu yake ni mpigaji na mtoto amelelewa na sauti ile. Lakini sitafuti jibu la kumfurahisha mzee. Nataka mtoto apime kwa namna ambayo mwalimu akimhoji, ataweza kuitetea. Muziki tunaupigia kwenye simu, sebuleni. Tuanzie wapi?

Fundi_Kondele
Dada, mpe hongera huyo mtoto. Kazi yangu ni redio na spika, na vidude kama hivyo huletwa mezani kwangu. Vile vya bei nafuu huwa na maikrofoni ndogo na chipu inayongoja sauti ipande ghafla. Ngoma ikipigwa, sauti inapaa kisha inashuka. Chipu inahesabu pigo na kuamuru mota. Haijui gitaa wala lugha ya mwimbaji. Benga ina dramu na besi, kwa hiyo mapigo yako wazi. Nyuzi nane za nyatiti zinafuatana upesi, moja haijazima nyingine imeshalia, basi huenda chipu haioni pa kushika.

Halafu mnatumia simu! Spika ya simu haitoi vizuri sauti za chini. Tafuteni spika moja ya kawaida, mtumie hiyo hiyo kwa miziki yote. Isikae meza moja na roboti, maana mtikisiko hupitia kwenye mbao. Na betri ziwe mpya. Mota zikikosa nguvu roboti inalegea, kisha lawama inaangukia muziki uliopigwa mwisho.

Mwalimu_Lurambi
Fundi amesema kweli. Mimi nafundisha fizikia huku Kakamega, naongeza mambo ambayo wanafunzi huyaruka.

Kwanza, roboti iangalieni ikiwa kimya, bila muziki wowote, muda ule ule mnaotumia kwa wimbo. Nyingi hujitikisa zenyewe. Bila kipimo cha kimya hamtajua dansi ni ipi na mazoea yake ni yapi. Pili, sauti zilingane. Kuna programu za simu za kupima ukubwa wa sauti. Wekeni simu pale roboti ilipo na mrekebishe spika hadi kila muziki usomeke karibu sawa. Rekodi ya nyumbani mara nyingi huwa ya chini kuliko wimbo wa studio, na hilo peke yake linaweza kueleza kila kitu. Tatu, kabla ya nyimbo, mpigieni mdundo mtupu wa metronomu, yaani kifaa au programu inayogonga mapigo sawasawa: mapigo 60 kwa dakika, 90, 120, 150. Mtajua roboti inaishia wapi. Ikitikisa kichwa mara 75 kwa mdundo wa 150 haijakosea sana, inashika pigo moja na kuacha moja.

La muhimu zaidi: mrekodi video, mzime sauti, halafu mtu asiyejua ni muziki gani ahesabu mitikisiko. Mtoto anayeipenda benga ataiona roboti ikicheza benga hata isipocheza.

Baba_Nafula (Bungoma)
Mimi ni mpigaji wa litungu, kinubi cha kwetu Wabukusu, naomba niseme la wapigaji. Mdundo wa nyatiti hauko kwenye nyuzi peke yake, uko mguuni. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo chombo, na njuga ziko mguuni hapo hapo. Rekodi ya mzee ilichukuliwa simu ikiwa wapi? Ikiwa ilielekezwa kwenye nyuzi na sauti yake, mguu umepotea. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa hadi ndogo, hata simu mbovu itanasa kitu. Mwombeni mzee apige pale pale mbele ya roboti.

Mwalimu_Lurambi
Wazo zuri, Baba Nafula, ila muziki wa moja kwa moja usichanganywe na wa spika kwenye jedwali moja. Mzee arekodiwe upya, simu moja karibu na mguu, nyingine karibu na nyuzi, kisha zote mbili zipitie spika ile ile.

Wambui_Nakuru
Asome pia habari za Keepon, roboti ya manjano ya Hideki Kozima wa Japani. Haina mikono wala miguu, ila ikiyumba kwa mdundo watoto hucheza nayo. Na ile Pleo ya 2007, roboti ya mtoto wa dinosaria. Ataona swali lake limewashughulisha watu wazima.

Nyar_Dunga
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimerudi na majibu. Tulipolinganisha sauti, rekodi ya zamani iliifanya roboti ijitikise zaidi kidogo tu kuliko kwenye kimya. Rekodi mpya ya mguuni, imecheza! Ya nyuzi, karibu sawa na kimya. Aliyehesabu ni shangazi yake, video ikiwa bubu. Ile sentensi mtoto ameifuta mwenyewe, ameandika kwamba roboti inafuata pete na njuga.

Babu sasa anataka kujua kama ataweza kuisimamisha na kuianzisha kwa mguu wake, na mtoto ameshaanza kuchora jedwali. Kwaya bado inatutatiza: wakipiga makofi inacheza, wakiimba tu inasita. Mwenye rekodi safi ya obokano, kinubi cha Wakisii, kutoka Kisii, tafadhali aiweke hapa.